Je, Mwenye Betri ya Moyo Ni Mtu Mwenye Ulemavu?

Hotuba kwa waajiri, viongozi wa mitaa na familia, Tanga mjini

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Swali tulilopewa ni fupi: mtu aliyewekewa betri ya moyo, ile pesimeka, ahesabiwe kuwa mtu mwenye ulemavu au asihesabiwe? Wanaouliza wako pande mbili. Upande mmoja yupo mwajiri anayetaka kujua kama mfanyakazi huyo anaingia kwenye asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu inayotakiwa na sheria. Upande wa pili yupo mfanyakazi mwenyewe, anayehofia kwamba neno hilo likishaandikwa kwenye faili lake, kazi haipo tena. Jibu letu tunalitoa mapema. Betri yenyewe si ulemavu. Lakini mwenye betri anaweza kuwa mtu mwenye ulemavu mbele ya sheria hata siku ambayo hajisikii kuumwa popote, na mara nyingi kinachomfikisha hapo ni mlango aliofungiwa na watu wengine.

Hilo halieleweki mpaka tujue kifaa kinafanya kazi gani, kwa hiyo tuvumiliane kidogo.

Moyo una umeme wake. Katika chumba cha juu upande wa kulia kuna fundo dogo linalotoa amri ya kupiga. Amri inashuka hadi kituo cha katikati, halafu inasambaa kwenye vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Njia hiyo ikichakaa kwa umri, ikikosa damu, ikiumizwa na uvimbe wa msuli wa moyo au ikiguswa wakati wa upasuaji wa valvu, amri hukwama. Vyumba vya chini havifi papo hapo: hujiendesha vyenyewe, lakini kwa mapigo 30 au 40. Damu haifiki ya kutosha kichwani. Mtu anaona giza, anaanguka, na baada ya muda mfupi anaamka akiuliza kumetokea nini. Anayeanguka namna hii ni rahisi kudhaniwa ana kifafa, au kuambiwa amepandwa na shetani. Ndiyo maana kila aliyezimia apelekwe akapimwe umeme wa moyo kabla hajaanzishiwa dawa ya kitu kingine.

Kifaa chenyewe ni kasha la titani la gramu 20 hadi 50. Ndani mna betri ya lithiamu na saketi. Hukaa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na waya mmoja au miwili hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Wenye moyo uliodhoofika huweza kuwekewa waya wa tatu. Kazi ya kasha ni kusikiliza. Likipangwa kwenye 60, maana yake ni hii: sekunde moja ikipita bila pigo, linapiga lenyewe, kwa umeme mdogo ambao mwenyewe hausikii. Moyo ukipiga vizuri peke yake, kasha linakaa kimya. Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, kwa ganzi ya sehemu ile tu. Betri hudumu kwa kawaida miaka 8 hadi 12. Ikikaribia kwisha hubadilishwa kasha zima, nyaya zikiachwa kama bado ni nzima.

Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hii mwilini alikuwa Arne Larsson, huko Solna nchini Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa kile cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafa ana miaka 86, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Daktari aliyempasua na mhandisi aliyekiunda kifaa walitangulia kufa. Tunalitaja hili kwa ajili ya mwajiri anayedhani kwamba mtu wa betri ni mtu wa kuhesabiwa siku.

Sasa tuje kwenye sheria.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haikuorodhesha magonjwa wala vifaa, na tunaona ilifanya vizuri. Inamtazama mtu mwenye upungufu wa kimwili, wa akili au wa hisi, ambaye uwezo wake wa kufanya mambo unabanwa pale anapokutana na vikwazo vya mitazamo ya watu, vya mazingira au vya taasisi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema karibu hivyo hivyo, na unaongeza kwamba upungufu uwe wa muda mrefu. Ona kwamba kuna vitu viwili vinavyotakiwa kukutana. Moyo usioweza kujipigisha ni upungufu wa mwili, tena wa muda mrefu. Kuwekewa betri hakuurudishi umeme uliokatika. Kitu cha kwanza kipo. Cha pili, kikwazo, ndicho kinachotofautiana kutoka mtu hadi mtu. Mwalimu wa shule ya msingi Chumbageni aliyewekewa betri, akarudi darasani baada ya wiki chache na mwalimu mkuu akampokea, hana anachozuiwa. Mwenzake mwenye betri ile ile, moyo ule ule, aliyeambiwa na mwenye kiwanda “usije tukakuokota hapa chini”, amekutana na kikwazo cha mtazamo, na kikwazo hicho kimeandikwa ndani ya sheria.

Nchi nyingine zimeligombania jambo hili waziwazi, hasa swali la kama mtu apimwe akiwa na tiba yake au bila tiba yake. Uingereza, kwa sheria yao ya usawa ya mwaka 2010, humpima mtu kana kwamba hana tiba. Miwani ndiyo imetolewa nje. Kwa hiyo swali lao ni: betri ikitolewa, huyu angekuwaje? Anayeanguka bila betri analindwa. Marekani mambo yalienda mbele na nyuma. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba mtu atazamwe pamoja na tiba yake, na watu wengi waliotibiwa vizuri wakajikuta nje ya ulinzi: wagonjwa mno kuajiriwa, wazima mno kulindwa. Bunge lao likaigeuza hali hiyo mwaka 2008. Lakini nchi hiyo hiyo, linapokuja suala la kulipwa mafao ya ulemavu, kuwa na betri peke yake hakutoshi. Wanauliza ni dalili gani zilizobaki baada ya matibabu: bado anazimia? bado anapumua kwa shida akipanda ngazi?

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Kulindwa usibaguliwe ni jambo moja. Kulipwa kwa kuwa huwezi kufanya kazi ni jingine, na linapimwa kwa uwezo uliopotea. Kuhesabiwa kwenye nafasi zilizotengwa ni la tatu. Mtu mmoja anaweza kustahili la kwanza na asistahili la pili, na wala hajadanganya popote. Sisi tunashikilia kwamba kinga dhidi ya ubaguzi impate kila mwenye betri anayebaguliwa kwa sababu ya betri, awe mzima kiasi gani.

La tatu tunalisema kwa uzito wake. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa na sheria awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Akijaza nafasi hizo kwa kupekua mafaili, akiokota mwenye betri hapa na mwenye sukari pale, watu aliokuwa nao tangu zamani na ambao hakuna kinachowazuia, huku fundi kiziwi na karani mtumiaji wa kiti mwendo wakirudishwa getini, huyo hajatimiza sheria. Ni hivyo hivyo kwa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwenye betri asiyekutana na kikwazo chochote awapishe wenzake. Mwenye betri aliyefukuzwa upagazi kwa sababu ya kifua chake, na hana pengine, asione haya kuomba.

Maneno matupu hayasaidii kazini, basi tuziangalie kazi zenyewe.

Fundi wa kuchomelea ndiye anayeambiwa haraka kuliko wote kwamba kazi yake imekufa. Haijafa kwa lazima. Hatari ni kwamba umeme wa kuchomelea ukikatika na kurudi mfululizo, kasha linaweza kuudhania ni mapigo ya moyo, likanyamaza wakati moyo unalihitaji. Ndiyo maana kugusagusa chuma harakaharaka ni kubaya kuliko kuvuta mstari mrefu: kati ya mguso na mguso apumzike kama sekunde 10. Cheche iwe umbali wa sentimita 60 au zaidi kutoka kifuani. Mashine yenyewe ikae mita 1.5 pembeni. Klampu ya arthi ibanwe karibu na mahali panapochomelewa, na nyaya mbili zilale pamoja sakafuni, zisiachane kama miguu ya bata. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa ampea 130 hadi 160, kutegemea kifaa. Tuliotembelea karakana za Ngamiani tunajua mazoea ya kujizungushia waya begani ili usisumbue; hilo liachwe kabisa. Glovu zenye jasho na sakafu yenye maji pia. Akihisi kizunguzungu aweke chini kishikio, arudi nyuma, na kasha litarudi kwenye kazi yake lenyewe. Asifanye kazi peke yake, na kabla ya kuanza aulize kliniki, kwa sababu kwa mtu ambaye moyo wake hauna pigo lolote la kwake jibu linaweza kuwa hapana.

Kwa fundi wa magari, injini ikiwa inanguruma asilaze kifua juu ya koili na nyaya za plagi. Abaki sentimita 30. Muuza simu na muuza spika wakumbuke sentimita 15: simu isikae kwenye mfuko wa shati upande wa betri, na spika kubwa isikumbatiwe kifuani wakati wa kuihamisha, kwa maana sumaku iliyomo hulifanya kasha lipige kwa mwendo wa kukariri bila kusikiliza moyo. Jiko la umeme la induksheni, sentimita 60. Jiko la gesi na la mkaa hayana neno na betri.

Dereva: Uingereza dereva wa gari dogo husubiri wiki 1 baada ya kuwekewa, na wa basi au lori wiki 6. Hapa kwetu daktari wake ndiye aseme, lakini vipimo hivyo vinatuonyesha kwamba betri haimwondoi mtu kwenye usukani maisha yake yote. Tuongeze hapa kwamba kuna kifaa kingine, kinachofanana kwa nje, kinachotoa mshtuko mkubwa kuokoa moyo unaotetemeka. Masharti yake ya udereva ni makali zaidi. Mwajiri asiwachanganye watu wa vifaa hivi viwili; kadi ya mgonjwa inaonyesha ni kipi.

Mkwezi wa minazi tunamwambia ukweli ambao hatafurahia. Hata betri ikiwa nzima, kifua kinasuguana na mti kila siku, na kasha liko chini ya ngozi tu. Ngozi ikichunika juu yake, uchafu unaingia. Huyu ndiye wa kutafutiwa kazi ya chini ya mnazi, na kutafutiwa huko ni marekebisho ya kazi, siyo sadaka.

Kwa kina mama, mfano wetu ni kinu. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo, ncha ya waya haijashikana sawasawa na nyama ya moyo. Kiwiko cha upande wa betri kisipande juu ya bega, na mkono huo usibebe zaidi ya kilo 5 hivi. Kutwanga kisamvu kwa mchi, kuvuta ndoo kisimani na kuanika nguo kwenye kamba ya juu ndizo kazi tatu zinazoweza kuuchomoa waya. Takbira katika swala haina shida, kiwiko kinabaki chini ya bega. Na mkono usifungwe kabisa ukakaa kama mbao, kwa sababu bega huganda na kuuma miezi mingi. Baada ya wiki hizo na kliniki ya kwanza, kinu kinarudi.

Yanayoharibika yapo, na kuyajua ni sehemu ya haki ya mgonjwa. Waya ukichomoka, kizunguzungu cha zamani kinarudi. Waya ukigusa pasipostahili, kwikwi inakuja isiyokoma, au msuli wa kifua unarukaruka. Wapo wanaolichezea kasha kwa vidole chini ya ngozi, wakilizungusha bila kujua, na waya unajisokota hadi unatoka moyoni. Kubwa kuliko yote ni uambukizo: ngozi juu ya kasha inakuwa nyekundu, ya moto, inavimba au inatoa maji. Hapo tunaomba sana, asitokee mtu wa kulitumbua wala kulichoma sindano, hata awe mhudumu wa zahanati. Uambukizo ukishafika kwenye kasha, vidonge peke yake havitoshi, na kwa kawaida kasha na nyaya vyote hutolewa.

Nyumbani, kipimo ni vidole viwili. Viweke kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne. Pigo linaloruka litakupoteza. Kadi au karatasi ya kliniki inaonyesha namba ya chini iliyopangwa. Ukipata pungufu ya namba hiyo na unaona giza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa mjini ni Bombo, ukapimwe umeme wa moyo. Ukipata pungufu lakini huna dalili yoyote, huenda kuna mapigo dhaifu yasiyofika mkononi. Bado upimwe, ila bila hofu.

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu wa Tanga wanacho zaidi ya watu wa Dar es Salaam, nacho ni barabara. Kasha husomwa kwa mashine maalumu, na mashine ya mtengenezaji mmoja haisomi kifaa cha mwingine. Anayehudhuria kliniki Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili anasafiri karibu kilomita 350 kwenda na 350 kurudi, kila baada ya miezi 6 hadi 12, na mara nyingi zaidi betri ikikaribia kwisha. Kliniki ya nusu saa inakula siku mbili au tatu za kazi. Msimamizi anaandika “mtoro”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Safari hizi zinaenea humo kwa nafasi. Kinachotakiwa ni tarehe kuandikwa mapema, mwajiri azijue, na zamu zipangwe.

Ndiyo maana barua ya daktari ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana tunasikitika kuona barua zenye mstari mmoja: “Ana pesimeka, apewe kazi nyepesi.” Barua hiyo inamuua mfanyakazi. Kazi nyepesi ni ipi? Hadi lini? Mwajiri asiyejua anachagua njia ya kumwondoa. Mwombe daktari aandike kifaa kiliwekwa lini. Kama moyo unakitegemea muda wote au mara mojamoja. Kazi gani hasa asifanye, kwa umbali na uzito unaopimika, na katazo hilo linakwisha lini. Na kliniki zijazo ni za mwezi gani. Magonjwa yake mengine hayamhusu mwajiri, yasiandikwe.

Barua kama hiyo ikishapokelewa, mwajiri ana wajibu. Sheria ile ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na inasema ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka atazame kwanza ukubwa wa tatizo, kama kazi inaweza kurekebishwa, na kama ipo kazi nyingine. Kumwandikia barua ya kumwachisha siku anayotoka wodini ni kuziruka hatua zote hizo.

Aliyeachishwa asikae nyumbani akisubiri huruma. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Malalamiko mengine ya kazi ni siku 60. Ofisi ya Tume ipo hapa mkoani, na fomu ya kuanzia ni CMA F1. Aende na barua ya kuachishwa, barua ya daktari, na nakala ya kadi ya kifaa. Siku 30 ni chache mno kwa mtu mwenye kidonda kibichi kifuani, kwa hiyo ndugu yake amshike mkono waende wote wiki ya kwanza.

Kwa leo tungependa wenye kadi zao wazitoe mifukoni. Someni majina matatu: mtengenezaji, modeli, na namba ya mfululizo. Kama kadi imeanza kufutika kwa jasho, mpe mtoto aipige picha kwa simu sasa hivi, mbele na nyuma, na picha hiyo itumwe pia kwa mtu mwingine mmoja wa nyumbani, ili ukiletwa Bombo usiku hujitambui, daktari wa zamu ajue ni kliniki gani ya kupigia na ni mashine ya mtengenezaji gani ya kuitafuta.